Nafika Mezani kwa Mke Wangu Nimeshiba

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na nakuandikia nikiwa nimeshiba, kwa sababu shida yangu yenyewe ndiyo hiyo.

Mimi ni fundi wa makochi, mke wangu ni muuguzi, nina kaka mkubwa ambaye mtaani wanamwita Mizani kwa kuwa maisha yake yote ya kazi alipima magunia kwenye ghala, na nina dada mdogo ambaye ni msusi, na wote tunakaa mitaa ya jirani, unatoka nyumba hadi nyumba kwa miguu bila kutoa jasho. Mimi na kaka tulikaa muda mrefu hatusemeshani, sababu ikiwa kiti cha marehemu baba, ambacho nilikichukua kwa moyo safi nikakitengeneza upya nikakivalisha kitambaa cha maua nikakirudisha sebuleni kwake, naye alipokiona akasema nimemvalisha baba gauni, akanuna, nikanuna, na mama anayekaa kwake akawa tarishi wa salamu.

Ndipo dada akaja na wazo la mlo wa kuhama, kwamba Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi familia nzima tule mlo mmoja kwenye nyumba tatu, supu nyumba ya kwanza, chakula chenyewe nyumba ya pili, matunda na chai nyumba ya tatu, na kati ya nyumba na nyumba tutembee pamoja na mama katikati. Na sikudanganyi mshauri, ule mwendo ni mtamu kuliko chochote kilichomo sahanini, kwani mama, ambaye kwa magoti yake mabovu alikuwa hatoki hata kibarazani, sasa anatembea na fimbo yake, anasalimiana na mlinzi wa yadi ya mbao, anatusimulia nani alikaa nyumba ipi na alihama kwa aibu gani, na ni hapo njiani, ile Jumamosi ya kwanza, mama kanishika mkono mimi huku na kaka kule, tumefika kwenye mtaro ulio wazi nyuma ya duka la dawa, kaka akaniambia, "Angalia mtaro," nami nikamjibu, "Nimeuona," na hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya kwanza tangu kile kiti.

Tatizo ni supu. Kaka alisema mkubwa hutangulia, kwa hiyo mlo uanzie kwake, na hakuna aliyebisha, ila pia hakuna aliyefikiri kwamba anayetangulia ndiye anayebaki na chakula chepesi, na shemeji yangu, mke wa kaka, alipoligundua hilo akasema jikoni mama akisikia, "Yaani mimi mke wa mkubwa niwape watu maji ya moto, halafu wakashibie kwa mdogo?" Mwezi uliofuata supu ikaingia viazi, baada ya hapo ikaingia mifupa yenye nyama, sasa inakuja na mikate pembeni, na ukichomeka kijiko kinasimama chenyewe. Dada alimuuliza, "Wifi, hii tunakunywa au tunalima?" na watu wote wakacheka isipokuwa mke wangu.

Mke wangu hutoka zamu ya usiku asubuhi ya siku hiyo, na bila kulala anafunga kanga anaingia jikoni. Mwezi uliopita tulifika kwake tukakaa kumzunguka kuku wa kuokwa kama watu walioitwa kutambua maiti, kaka akalegeza mkanda akasema, "Shemeji, harufu peke yake imenitosha," na mimi mwenye nyumba nikalilazimisha paja moja jasho likinitiririka. Halafu tulipofika kwa dada, kila mtu akapata nafasi ya matunda, tena na keki, na dada akatangaza kwamba tumbo la vitamu liko pembeni, na nikamwona mke wangu anaitazama ile sinia inavyoisha. Kuku yule niliendelea kumla wiki nzima, asubuhi na jioni, kwa amri isiyo na maneno.

Sasa niseme lililobaki. Mimi huongezwa supu mara ya pili, pengine ya tatu, mke wangu yupo ananiangalia, kwa sababu shemeji huja na upawa umejaa na kaka ananitazama, na najua nikisema imetosha atasema, "Au supu nayo tuivalishe maua?" na tutarudi kulekule kwenye kiti, na pia ni tamu. Mke wangu hajapiga kelele. Aliniambia tu, "Sikuombi unitetee. Nakuomba ufike na njaa." Nikamwambia nitajitahidi. Akasema basi Jumamosi hii atatia kufuli mlangoni aende akalale kwa rafiki yake, na sisi tukifika tulitazame lile kufuli mpaka tushibe. Na huyu si mtu wa kutishia, akikwambia sindano itauma, itauma. Mama akilikuta kufuli, mlo umekwisha na mwendo umekwisha, atarudi ndani, na mimi na kaka tutarudi kununiana. Je, nimwambie kaka supu ipungue ugomvi ufufuke, au nimbembeleze mke wangu avumilie?

Fundi Aliyeshiba Mapema

*Mshauri anajibu*

Fundi, barua yako nimeisoma nikiwa na njaa, kwa hiyo usitarajie upole.

Nianze na jema kwa kuwa ni fupi. Nyie mmegundua kitu ambacho watu wengi wenye meza ndefu wanakufa hawajakijua: mlo ukihama nyumba hadi nyumba, chakula kikuu ni njia. Ndugu wawili walioshindwa kusemeshana kwenye makochi wamesemeshana kwenye mtaro. Hongera kwa dada yenu, ndiye pekee kati yenu anayefikiri.

Sasa wewe. Umeniletea kaka na mke nikuchagulie, kana kwamba wewe ni mpita njia uliyesimama kutazama ajali. Bakuli unalishika wewe. Umeniandikia hofu mistari mingi, halafu mwishoni ukachomeka maneno matatu, "pia ni tamu", kama mtoto anayeficha mfupa nyuma ya mgongo. Mimi nimeyaamini hayo matatu. Nimechoka na wanaume wanaoupa ulafi wao jina la amani. Amani hutosheka na upawa mmoja. Inayodai bakuli la tatu si amani, ni tumbo.

Shemeji yako mwache. Mmempa mwanamke cheo cha mbele na sufuria ya maji, kisha mnashangaa anajaza viazi. Hata mimi ningejaza, tena ningetia mbuzi mzima na pembe zake. Lawama ni ya kaka yako, mtu aliyepima magunia ya watu maisha yake yote akashindwa kulipima neno lake mwenyewe. Mkubwa alitangulia kuzaliwa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima atangulie kupakua.

Mkeo naye. Mtu aliyekesha na wagonjwa, akapika bila kufumba jicho, hakukuomba sifa, hakukuomba umgombeze mtu, hakukuomba hata kuku aishe. Alikuomba njaa. Njaa, fundi, kitu ambacho maskini wa mwisho anacho! Wewe ukamjibu "nitajitahidi", neno ambalo mafundi mnawaambia wateja kochi likiwa bado halijaguswa. Ila kuhusu kufuli mwambie nimekataa. Mgomo nauunga mkono, mahali pake hapana. Kufuli hilo halitamkuta mpika supu. Litamkuta bibi wa magoti mabovu aliyevuka mtaro kumfuata mkwe wake.

Fanya hivi. Leo, si Ijumaa, mtoe kaka yako nje ya nyumba. Usizungumze naye sebuleni, kile kiti kipo pale kitawasikiliza. Tembeeni hadi mtaroni, maana inaonekana ndiko akili zenu zinakokaa. Mwambie, "Kaka, tukutane wote mlangoni kwako, mama avae viatu, wewe utoke mbele umemshika mkono, na mtaa mzima uone mkubwa ametangulia. Supu tukainywe kwa mdogo wetu. Chakula chenyewe mwezi huu kiwe kwa mke wangu, mwezi ujao kiwe kwa mkeo, na asiyepika chakula atoe matunda." Uone shemeji yako atakavyolala usingizi akijua mwezi ujao sufuria kubwa ni yake.

Akileta habari za maua, cheka, kisha mwambie alikuwa na haki. Nimekifikiria hicho kiti tangu asubuhi nami nimesikitika. Wewe ni fundi, unajua vitambaa vya rangi moja vipo.

Akigoma kabisa, basi supu ibaki kwake, na Jumamosi utakula bakuli moja. Upawa ukija, weka kiganja juu ya bakuli na useme kwa sauti ya kufika jikoni, "Tamu, shemeji, ila kuna mtu kaniandalia." Anune atakayenuna. Kununiwa na kaka umeshakujaribu, na hukufa.

Ukitoka mtaroni, nenda moja kwa moja kwa mkeo, umwambie ulichosema na ulichojibiwa, kisha umwombe hilo kufuli mkononi. Asubuhi ya Jumamosi usitie kitu kinywani, hata chai. Na mkifika kwako, usitoe hotuba, usimsifu mbele za watu, usimwombe radhi kwa machozi. Vuta kiti, kaa, na muulize mbona kuku anachelewa.