Samaki wa Bahati Mbaya

Jumatatu, 3 Machi

Wanja, nani alikufundisha kuacha ndoo ya samaki juani? Nzi wanafanya harusi hapo. Binti yangu, mtu mzima wa miaka thelathini na nane, leseni ya uvuvi mfukoni, na akili ya kufunika ndoo hana.

Ametupa ndoo mlangoni akakimbia kumtafuta Baba Njeru, karani wa kamati ya bwawa. Usiku upepo ulivuta wavu wa Wanja mpaka kwenye matete. Huko kumefungwa, hakuvuliwi. Huko ndiko samaki wanazalia. Asubuhi akakuta tilapia wadogo wamejaa, kila mmoja kama kiganja, wote wamekufa. Kamati inawaita samaki wa bahati mbaya. Sheria yao: karani awaone, awaandike, kisha warudishwe majini. Hata kama wameoza. Kupeleka kwa sufuria, hapana.

Nimewatazama. Mahindi yalikauka yakiwa magotini. Ndengu hata hazikuota. Na mimi nitupe chakula majini? Maiti haizai. Nikachukua kisu.

Mmoja alikuwa na mayai mdomoni. Ya manjano, kama mtama. Wanja aliwahi kuniambia hivyo ndivyo mama anavyoficha watoto wake. Nikayamwagia kuku.

Nimekaanga wote. Marehemu mama yangu angenitemea mate, yeye aliita samaki nyoka wa maji na hakumgusa mpaka kufa. Mimi nilionja nikiwa na miaka arobaini na sijaacha.

Sahani moja nimepelekea Mama Njeru. Wiki iliyopita alinitumia maharagwe, na sahani ya mtu hairudi tupu. Pia huwezi kukaanga, harufu ivuke ua, halafu jirani ale ugali mkavu. Ndiyo, yeye ni bibi ya karani. Sahani haiulizi mume ana cheo gani.

Wanja hakumpata karani, alikuwa ameenda Embu. Amerudi akaona kikaango. Akaenda kuosha ndoo. Hakula. Haya, achague.

Jumanne, 4 Machi

Ameongea leo. Anasema alitaka kuripoti na samaki wakiwa kwa ndoo, kosa lionekane ni la upepo. Sasa ataripoti nini? Miiba?

Nikamwambia anyamaze, yataisha. Ananyamaza. Uso wake sipendi kuuangalia.

Ijumaa, 7 Machi

Mawingu mpaka saa tisa, kisha yakaenda zake. Wanja ameleta tilapia watatu wakubwa. Wa halali. Sikusikia utamu.

Jumapili, 9 Machi

Siku mbaya.

Kanisani, wakati wa ushuhuda, Mama Njeru akasimama. Tumbo limemsumbua tangu Januari, kila mtu anajua. Akasema Mungu ni mwema, chakula cha kwanza kukaa tumboni kilikuwa samaki wa Cucu Igoki. Cucu Igoki ni mimi; cucu ni nyanya kwa lugha yetu. Akasema walikuwa wadogo, watamu, mifupa laini unatafuna tu. Akaonyesha kwa mkono udogo wao. Kanisa likapiga makofi.

Wavuvi wanne wanakaa benchi ya nyuma. Hao hawakupiga. Baba Njeru aliangalia viatu vyake mpaka sala ya mwisho.

Simlaumu mama huyo. Alikuwa anashukuru. Mjinga ni mwenye kupika.

Jumatatu, 10 Machi

Kikao chini bwawani. Afisa wa uvuvi amekuja na pikipiki yake. Mimi nimekaa juu ya jiwe na leso yangu.

Afisa akauliza samaki wa matete walitoka wavu wa nani. Wanja akasimama, akasema wake, upepo ulivuta. Afisa akauliza mbona hakuripoti. Akauliza nani alipika.

Wanja akasema, "Ni mimi."

Mdomo wangu ulikuwa hapo. Huu mdomo unaogopwa na kijiji kizima, uliomkemea chifu mbele ya watu. Ulikaa tu, kama wa samaki.

Baadaye nikauliza swali moja, tena kwa ukali, kujifanya. Nikasema, watu wana njaa, kitu kimeshakufa, kutupa ni dhambi au si dhambi? Afisa ni kijana wa heshima. Hakunicheka. Akajibu, "Cucu, nikisema wa bahati mbaya waliwe, kesho upepo utavuta nyavu zote za hapa mpaka kwa matete. Kila siku itakuwa bahati mbaya."

Watu wakacheka. Mzee mmoja akasema, "Na huo upepo nitakuwa mimi." Wakacheka tena.

Nimerudi nyumbani nikiyarudia maneno yake. Naudhika kwa sababu ni kweli.

Wavu umechukuliwa. Leseni imesimamishwa mpaka mwaka ujao. Huo wavu ndio shamba letu, mvua ikikataa.

Jumatano, 12 Machi

Ugali na chumvi.

Alhamisi, 13 Machi

Kwa bomba la maji wamempa Wanja jina. Mla Mayai. Nimesikia na masikio yangu, mwanamke niliyemshika akizaliwa ndiye alisema. Wanja akajaza mtungi wake, akajitwisha, akaondoka. Mimi nikageuka kama mtu ambaye hajasikia.

Mama Njeru amekuja akilia. Nimemwambia nyamaza, wewe ulikula ulichopewa.

Mwaka huu watoto wa samaki bwawani watapungua na watu watasema ni Wanja. Kuku walikula mayai ya mdomo mmoja. Midomo mingine sikufungua hata kuangalia. Nilikata tu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeenda kwa Baba Njeru. Nilikataa kiti. Nimemwambia ni mimi nilikaanga, Wanja hakuweka hata tonge mdomoni, arudishiwe wavu leo.

Akasema, "Cucu, mimi nilijua. Tumekula kwako miaka mingi. Wanja hajui kukaanga hivyo."

Basi arudishiwe, nikasema.

Akasema haiwezekani. Mwenye leseni ndiye anajibu kwa kilichoingia wavu wake. Kikaango cha nani, sheria haijali. Wanja anaijua hiyo sheria kwa kichwa, alifanya mtihani wake.

Nimetembea polepole kurudi. Wanja alijua. Angenitaja, adhabu ingekuwa ile ile. Kusema ni yeye hakukuokoa wavu wala leseni. Kuliokoa jina langu peke yake. Na mimi nililipokea, nikakaa nalo juu ya jiwe.

Nimezaa mtu mzuri kuliko mimi. Sijui nifanye nini na hiyo habari.

Jumamosi, 15 Machi

Wanja ameondoka asubuhi. Amepata kufulia watu nguo Embu, mtaa wa Dallas. Yeye ambaye akikaa siku mbili mbali na maji anakuwa mgonjwa. Ameniachia unga, mafuta ya taa na sabuni. Nilitaka kumwambia nimeenda kwa karani. Nikamwambia avae sweta.

Hakuna upepo. Kuku wameingia wenyewe. Nimechemsha maji ya chai, yakachemka mpaka yakakauka, sikuyanywa.

Kesho ni kanisa. Igoki, mchungaji akiuliza nani ana neno, simama. Usitaje ukame. Usitaje njaa. Sema wazi ni wewe ulikaanga, na mtoto wako alidanganya kwa ajili yako. Mwangalie yule mwanamke wa bomba usoni ukisema. Ukimaliza, kaa chini.