Ukuta Aliokandika Mama

Dundori,
14 Agosti 1957

Mpendwa ndugu yangu Kipkorir,

Pokea salamu zetu nyingi. Natumaini hujambo huko Gilgil na kile kifua kimepoa. Sisi tu wazima, ila mvua imeozesha viazi, nami moyo wangu umechacha.

Jumapili shule ya masista ilitimiza miaka kumi. Padri alitusomea historia yake, kwamba masista walikuta hapa msitu mtupu wakajenga kwa mikono yao. Nikamtazama Mama. Unakumbuka alivyopanda kutoka mtoni na mawe mgongoni? Kuta zile alizikandika yeye na wenzake, kwa ahadi kwamba watoto wao watasoma humo. Hakutajwa hata mmoja. Mama alipiga makofi pamoja na watu.

Na hiyo ahadi, ngoja nikwambie. Januari nilimpeleka Cheptanui, kitinda mimba wetu, aandikishwe. Sista Mkuu alimpenda, mpaka aliposikia kwamba Mama ni mke wa pili. Akasema kwa upole kuwa mtoto wa ndoa hiyo habatizwi, na asiyebatizwa hana nafasi darasani, labda Mama aachane na Baba. Nilimkumbusha ni nani aliyeukandika ukuta alioegemea. Akajibu kuwa kazi ni kazi na sheria ya Kanisa ni sheria. Baba alipoambiwa alicheka tu, akasema msichana atakamua ng'ombe wa mzungu kama wenzake. Nilimchukia siku hiyo, Mungu anisamehe.

Baada ya Pasaka yule Sista alihamishwa, akaja mwingine asiyetujua. Hapo ndipo Mama alipokuja kwangu, akasema, "Mwandikishe awe wako. Wewe ulibatizwa ukubwani, ukafunga ndoa kanisani."

Nilikubali, Kipkorir. Cheptanui amebatizwa akiwa binti yangu na Hiram, anaishi kwetu, na anasoma. Ukija likizo usimwite dada. Wewe ni mjomba wake. Naye tumemfundisha amwite Mama kogo, yaani nyanya.

Tulidhani ni maneno ya mbele ya masista tu. Lakini jana Mama alikuja kututembelea, na Cheptanui akaungua kidole. Mama alikuwa papo hapo mekoni, amekwisha kunyoosha mikono. Mtoto akampita, akanikimbilia mimi, akilia, "Mama." Mama akatoka, akasema anakwenda kutazama ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wamekwisha kukamuliwa.

Hiram anakusalimu. Mama pia anakusalimu, na aliniomba nisikuandikie haya.

Wasalimie wote wanaotujua huko.

Ni mimi dada yako, na sasa mama wa mpwa wako,
Theresia Chepkemboi