Uso wa Kuuzia Nguo

Guangzhou, 4 Machi 2024

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, sijui presha yako na wateja wa mitumba hapo Burumba. Baba hajambo huku kwao, ila mkewe, Mchina mwenzake, bado hanisalimii.

Mama, kazi yangu ni kujaribu nguo mbele ya simu, watu wananunua mtandaoni wakiniangalia. Bosi anasema taya langu ni pana mno. Hapa urembo ni uso mwembamba, mweupe. Wenzangu wengi wamechongwa mfupa wa taya. Huko niliitwa Mchina, hapa naitwa Mwafrika. Nimechoka kuwa mgeni kote. Daktari atanipasua Aprili.

Binti yako, Velma

Burumba, 9 Machi

Velma mwanangu,

Natumaini umeamka salama. Mimi presha imepanda tangu nisome barua yako. Nilikubeba mgongoni sokoni, watu wakija kukuchungulia, nikawafukuza. Sasa nimfukuze nani? Muulize rafiki yako Xiaoyun, aliyechongwa kabla yako, kama alipata amani. Usiende, nakuomba.

Mama yako

Guangzhou, 30 Mei

Mama,

Nisamehe kwa kimya. Natumaini u mzima.

Nilienda. Xiaoyun alinishika mkono mlangoni pa hospitali, akasema, "Mimi natafuta daktari wa kunirudishia uso wangu. Twende nyumbani." Sikumsikiliza.

Uvimbe umeisha lakini mdomo wa chini umekufa ganzi. Chai inanimwagikia bila mimi kujua. Na mtindo umegeuka. Wasichana wa mjini sasa wanaota jua wawe weusi kidogo, wanasema wamechoka kufanana. Bosi ameajiri msichana mwenye taya kama lile langu la zamani. Mimi akaniambia, "Wewe unafanana na kila mtu."

Nimekutumia picha kwa simu. Siku hizi sitoki nje.

Velma

Burumba, 2 Juni

Velma wangu,

Pole kwanza, salamu baadaye.

Sitakudanganya. Niliangalia ile picha nikimtafuta mtoto wangu, nikamkosa. Nikampa shangazi yako Everline, akanirudishia simu. Nikalia hapo kwa kibanda, wateja wakiniona.

Tangu jana nakupigia, simu imezimwa. Baba yako anasema alienda kwako akapata mlango umefungwa, na Xiaoyun hajui uliko.

Mwanangu, washa simu. Kama mdomo unakataa kusema, usiseme. Wewe shika tu, nisikie ukipumua.

Mama yako