Tuko Watatu, Mwalimu

Mama Lusajo,

Ugonile? Najua, ni ujinga kumuuliza mtu aliyelala tangu masika ya mwaka ule kama amelala salama. Lakini nikianza bila salamu utasema adabu ilikuwa yako, umeondoka nayo. Mimi mzima. Goti la kushoto linalia mvua ikikaribia, na hapa Masoko mvua haijawahi kuwa mbali, kwa hiyo linalia kila siku. Yule jogoo uliyenikataza nisimchinje amekufa kwa uzee. Nikamla hivyo hivyo, nikamtafuna siku tatu. Hata akiwa chunguni alikuwa upande wako.

Nakuandikia nyuma ya karatasi za mkwe wako, hizi zenye mistari ya kupanda na kushuka. Usiucheke mwandiko. Mimi niliishia la nne, wewe la saba, na miaka yote ya ndoa hukuchoka kunikumbusha kwamba umenizidi madarasa matatu. Basi kaa vizuri hapo ulipo. Nimesoma chuo kikuu. Nimesomea dirishani, lakini nimesoma.

Nianzie mbali kidogo. Siku Lusajo alipotuletea Tumpe, nilisema haya mambo yetu ya mkwe kumkimbia baba mkwe tuyaache, msichana anasomea sayansi, ataona tunamfanyia maigizo. Wewe ukakataa. Mkwe hamtazami baba mkwe usoni, hamtaji jina, hampi mkono, wakikutana njiani mmoja aingie migombani. "Hata akiwa na digrii tatu," ulisema, "heshima haisomewi." Na Tumpe, mtoto wa Kinyakyusa kamili, akakubali kwa moyo mweupe. Mimi ndiye nikawa mzee wa kukimbiwa kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe.

Kwa hiyo wewe ulikuwa posta yetu. Yeye jikoni, mimi barazani, wewe katikati na barua zisizoandikwa. "Baba anauliza kama kuna moto." "Mwambie baba moto upo." Mara nyingine uliongeza ya kwako njiani. Sikuwahi kuamini kwamba Tumpe ndiye alisema ninanuka tumbaku.

Halafu likaja lile gonjwa. Vyuo vikafungwa, Lusajo kazini kwake Songea, Tumpe akaja kwetu na begi la vitabu. Unakumbuka Jumapili ile mzee wa kanisa alivyosimama na karatasi? Tusipeane mikono. Tukae mbalimbali. Tufunike nyuso. Nikashindwa kujizuia, nikasema kwa sauti, "Kumbe dunia nzima imekuwa mkwe wa Kinyakyusa!" Benchi zima likaangua kicheko. Ukanifinya paja, alama ikakaa wiki.

Ile alama ilikuwa bado haijafutika ulipoanza kukohoa.

Wengine walisema kifua. Wengine walisema jina la gonjwa, kwa kunong'ona, kama wanamtaja mchawi. Mimi sikusema kitu. Msiba wako uliisha siku moja, mama. Wewe uliyelala wiki nzima kwenye misiba ya watu, ukiwapikia, ukiwaliza, ukiwachekesha. Watu walikuja, wakanawa kwenye ndoo pale kwenye njia, wakasimama mbalimbali migombani kama miti iliyopandwa kwa kamba, wakaondoka kabla ya jioni. Hakuna aliyenishika mkono. Nilikuwa nimeunyoosha.

Neno lako la mwisho kwangu halikuwa la mapenzi, na sikulitegemea liwe. Ulisema, "Huyu mtoto asije akaacha shule kwa ajili ya tumbo lako." Nikasema ndiyo. Ukasema, "Apa." Nikaapa. Ukanitazama kama vile hujaniamini, ukafumba macho.

Posta ikafungwa.

Lusajo alirudi kazini kwake, na siku tatu nyumba hii haikusikia neno. Tumpe akiweka chakula mlangoni, amekifunika na jani la mgomba, anakohoa kidogo kunijulisha, anakimbia. Mimi nikitaka kupita uani naimba ili ajifiche. Na unajua ninavyoimba. Siku ya nne nilikuwa chumbani. Nikamsikia amesimama kwenye kaburi lako, hapa ubavuni mwa nyumba, chini ya dirisha langu. Akasema kwa sauti ya mtu anayeongea na mtu, "Mama, mwambie baba chakula kinapoa. Jana hakula."

Nywele zikanisimama, zile chache. Nikakaa. Nikafikiri. Nikasogea dirishani, nikajibu, "Mama Lusajo, mwambie mkwe wako jana chumvi ilizidi."

Nikasikia kicheko kinatoka kama maji yaliyozibwa, halafu kikageuka kilio. Na mimi huku ndani nikafanya vivyo hivyo, ila mimi nilianzia kwenye kilio. Tangu siku hiyo ukarudishwa kazini. Hukuulizwa.

Sasa chuo. Chuo chao kikaanza kufundishia kwenye simu. Lakini mtandao wetu unaujua, unakuja kama mgeni wa kata, unachungulia na kuondoka. Tumpe alizunguka shamba zima ameinua simu juu kama anayemwomba Mungu wetu Kyala mvua. Hakupata, ila mahali pamoja: pale kichwani pako, penye mwanya wa migomba unaotazama mlima. Basi akaleta kigoda, akakusalimia, "Shikamoo mama, naomba nafasi," akaanza kusoma. Wewe umelala, yeye amekaa, mimi nyuma ya dirisha lililorudishiwa. Darasa la watu watatu.

Nikuambie siri. Masomo ya chuo kikuu, nusu yake ni "Mnanisikia?" na nusu nyingine ni "Rudia, mwalimu." Wanafunzi wako kila pembe ya nchi. Mmoja umeme umekatika. Mmoja mbuzi analia nyuma yake hadi mwalimu akamuuliza mbuzi kama ana swali. Mmoja, msichana, alisema tu, "Mwalimu, mimi leo sina swali, nilitaka kusikia watu." Hilo lilinichoma. Nilijua alichomaanisha. Na mimi sikuwa nakaa dirishani kwa ajili ya kemia.

Lakini kemia nayo ikaingia. Nilijifunza kwamba ndizi ikiiva, wanga wake unageuka sukari. Hilo ulimi wangu ulilijua tangu utotoni, ila hakuna aliyewahi kuniambia linavyotokea. Nilijifunza kwamba udongo wetu mwekundu una ukali kama ndimu. Nikasema moyoni, si ajabu umezaa wanawake kama wewe.

Ile sola ndogo juu ya paa haikutosha redio na simu, mawingu yalikuwa mengi. Nikakuambia, umwambie Tumpe, kwamba redio imekufa. Haikufa. Niliificha chini ya kitanda. Unajua nilivyoipenda taarifa ya habari. Basi usiniite mchoyo tena.

Ikaja siku ya mtihani wa vitendo. Walitakiwa wafanye nyumbani, mwalimu awaone mikono na uso bila kukatika. Tumpe alikuwa amechemsha yale maua mekundu ya uzio wa kanisa, akapata maji ya rangi. Ukiyatia ndimu yanawaka wekundu, ukiyatia maji ya majivu yanakuwa kijani. Inabidi udondoshe tone kwa tone, huku unatikisa glasi, hadi rangi igeuke. Mikono miwili yote ina kazi. Simu nani ataishika?

Aliifunga kwenye mgomba kwa kamba, ikateleza. Akaiegemeza kwenye msalaba wako. Samahani, mama, lakini ndivyo alivyofanya, na akakuomba radhi kwanza. Ikaanguka kifudifudi. Mwalimu anaita, "Tumpe, sikuoni. Tumpe, nikikukosa leo hili somo utalirudia mwakani." Nikasikia pumzi yake inapanda. Akasema taratibu, "Basi, mama. Labda ndivyo Mungu alivyopanga. Nibaki tu hapa nimtunze baba."

Hapo nikakikumbuka kiapo.

Nikafungua dirisha. Nikageuza uso ukutani, nikatoa mkono nje, mkono mtupu, kama mtu anayeomba. "Mama Lusajo," nikasema, "mwambie mkwe wako mkono ninao. Uso nitaubakiza ndani."

Nikahisi simu inawekwa kiganjani, kwa ncha za vidole, asije akanigusa. Nikaegemeza kiwiko kwenye kanga yako niliyoikunja. Mimi natazama ukuta wenye ufa, mkono wangu uko chuoni.

Mwalimu akasema, "Aliyeshika simu asogeze kushoto kidogo." Mimi nimegeukia ukuta, kushoto kwa nani? Nikasogeza kulia. Tumpe, masikini, hawezi kunielekeza. Akasema, "Mama, mwambie baba asogeze upande wa jikoni."

Nikasogeza upande wa jikoni.

Mwalimu akasema, "Mama yupi? Mko wangapi hapo?"

Maji ya majivu nikayasikia yanadondoka, tone, tone. Tumpe akasema, "Tuko watatu, mwalimu."

Nikausahau mkono. Simu ikainama. Mwalimu akaona udongo, maua yaliyokauka, na msalaba wenye jina lako. Nadhani aliona, kwa sababu alisema kwa sauti nyingine kabisa, "Endeleeni. Nawasubiri." Hakusema endelea. Alisema endeleeni.

Rangi iligeuka. Sikuiona. Nilimsikia Tumpe akisema, "Mama, imegeuka!"

Vyuo vilipofunguliwa alikataa kwenda. "Mama, mwambie baba atakula nini?" Nikakuambia umwambie najua kupika. "Mama, mwambie baba aoneshe." Nikamenya ndizi, nikapika mbalaga. Majirani walidhani nachoma shamba. Nikaila yote mbele ya dirisha, nimegeuza mgongo, nasifia kila tonge, huku machozi ya moshi yananitoka. Hakudanganyika. Basi nikatumia silaha kubwa. Nikasema, "Mama Lusajo, mwambie mkwe wako kuna mjane wa Mpuguso, mnene, mpole, ameahidi kuja kunipikia." Usishtuke huko uliko. Mjane hayupo. Lakini Tumpe alivyokasirika kwa niaba yako! "Mama, mwambie baba huyo mjane simwamini! Na jiko hili ni la mama!" Akakaa na hasira hadi kesho yake. Kisha akaja taratibu pale kichwani pako. "Mama, nimeelewa. Hakuna mjane, eti? Ananifukuza."

Nikarudishia dirisha taratibu. Ikawa ndiyo jibu.

Aliondoka asubuhi kwa bodaboda hadi Tukuyu kupanda basi. Alipiga magoti mbali, pale kwenye mibuni, amejitanda kanga, uso chini. Mimi nikasimama nyuma ya mgomba kama mwizi wa ndizi. Nikatoa asante ya kwetu, "Ndaga fijo," bila kusema ni ya nani. Ipokeeni wenyewe, wewe na yeye, mgawane.

Tangu hapo, mama, sina la kuongeza. Nyumba imekaa. Nakohoa kabla ya kuingia jikoni. Namkoholea nani? Kuku wananitazama. Naimba nikipita uani, hakuna anayejificha. Redio nimeitoa chini ya kitanda, inaongea kutwa, haijawahi kuniuliza kama nimekula. Mbalaga yangu sasa inalika. Nimekonda kidogo, ila kwa mujibu wako nilikuwa nimezidi.

Juzi simu yangu ililia. Nikakimbia nayo pale kichwani pako kwa goti hili hili. Ilikuwa sauti yake. Haikusema "Mama, mwambie baba." Ilisema, "Baba." Moja kwa moja, sikioni mwangu. "Baba, nimefaulu. Lile somo la maua. Baba, unanisikia?"

Nikatazama msalaba wako. Nikasema, "Mama Lusajo, mwambie mkwe wako nimesikia."

Akasema, "Sawa, baba. Nitasubiri." Simu ikakatika, au aliikata.

Nimekaa na hilo siku mbili, ndiyo maana naandika. Haikuwa heshima, mama. Nisikudanganye, kwa sababu huko uliko unaona hadi chini ya kitanda. Niliogopa. Nikimjibu yule mtoto mwenyewe, wewe utabaki na kazi gani hapa? Sote wawili tulikupigisha mbio kutoka jikoni hadi dirishani, na mradi unakimbia, hujafa sawasawa. Siku nitakaposema "Tumpe" na yeye aseme "Baba," utakuwa umelala kweli.

Lakini umechoka. Ulibeba maneno yetu ukiwa hai, ukayabeba ukiwa umelala. Hata posta hufunga Jumapili.

Basi nakuruhusu. Likizo ijayo atakuja. Nitatoka barazani, sitaimba. Nitasimama pale kwenye mibuni, kwenye njia, uso wazi, nisubiri atokee. Nitasema, "Tumpe, karibu nyumbani. Kuna mbalaga." Nimeapa kwa mara ya pili, na safari hii usinitazame vile.

Nitaendelea kukaa hapa kichwani pako jioni, lakini si kwa kukutuma. Tukae tu, bila kazi. Lala sasa, mwanamke wa la saba. Ujumbe huu wa mwisho naupeleka mwenyewe.

Mumeo,
Baba Lusajo