Ubao wa Karakana ya Amur

Nizwa, 6 Januari 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Huku hatujambo. Sijui goti lako linaendeleaje na baridi ya Ibra. Simu hupokei, ndiyo maana nakuandikia ujumbe huu.

Watu wa Laith wanakuja huko Ibra kuniposa Ijumaa ya wiki ijayo. Wanajua kwamba ulifungwa, nimewaambia mwenyewe. Lakini kujua ni kimoja, kusomeshwa barabarani ni kingine. Tafadhali, uteremshe ule ubao wa karakana kwa siku hiyo moja tu. Shangazi Ghaniya anasema, "Watu huficha kovu, baba yako amelitia fremu."

Mwanao,
Lamya

Ibra, 9 Januari

Mwanangu Lamya,

Marahaba. Goti linauma, lakini linasimama.

Ubao siuteremshi. Umeandikwa: "Amur bin Hood, seremala. Zana hizi nimepewa na jumuiya inayowasaidia waliotoka jela." Hapo hapana neno la uwongo. Uwongo niliuandika zamani, nikiwa mtunza ghala, nilipotia saini kupokea mbao ambazo hazikuletwa. Kwa huo nilikaa jela miaka miwili.

Nilipotoka nilijifungia ndani mwaka mzima, nikiona haya hata kuuliza pa kupata msaada. Ndugu waliniletea salamu. Jumuiya ikaniletea randa, msumeno na meza ya kazi. Ni msaada mdogo, lakini tangu siku hiyo sijamwomba mtu mkate. Mwambie Ghaniya kwamba fremu nimeichonga mwenyewe.

Juzi mtu mmoja, Asaad, alisimama akiusoma ubao mpaka chai yangu ikapoa. Kisha akauliza, "Mzee, msaada huo huombwa wapi?" Ametoka jela tangu Septemba, na kila asubuhi humwambia mkewe kwamba anakwenda kazini. Tuliandika maombi yake papo hapo. Akija mwingine Ijumaa hiyo, akute msumari mtupu?

Wageni wakitaka kugeuza na kurudi, njia wanayo.

Baba yako,
Amur

Ibra, 15 Januari

Lamya,

U mzima? Siku sita hujajibu. Ubao upo. Nimeupiga vanishi.

Baba yako

Nizwa, 16 Januari

Baba,

Shikamoo. Nilikuwa na hasira, sikutaka kukuandikia nayo.

Leo mama yake Laith amenipigia simu kuuliza njia. Ibra hawajapata kufika. Nimemwambia, "Mkishapita soko, nendeni taratibu. Mtaona karakana yenye ubao unaong'aa. Usomeni mpaka mwisho. Nyumba yetu ni mlango wa pili."

Aliniomba nirudie. Nikamweleza tena, polepole, wasije wakapotea.

Mwanao,
Lamya