Wanatuita Wale wa Mbuzi

Jumapili, Lodwar

Upepo wa asubuhi umeingiza mchanga hadi kwenye sufuria ya chai, na hata sikuudhika. Nimetulia kuliko nilivyotarajia.

Jana nilikuwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kwa Furaha. Kama wewe ni mgeni hapa: Furaha ni Mkongo, yeye huchora; mimi ni Mturkana, naandika programu. Sisi wawili ndio studio nzima. Gemu yetu ya kwanza ya simu ilikuwa ya kukimbiza mbuzi hadi kisimani kabla wezi wa mifugo hawajafika. Ilipendwa kuliko tulivyoota. Mpaka leo vijana wa sokoni hawaniiti kwa jina, hunisalimu tu kwa Kiturkana: "Ejok, wa mbuzi!"

Jana tuliwaonyesha mashabiki ya pili. Ukumbi wa vijana ulijaa, wengine wakachungulia madirishani. Katika gemu hii unajenga nyumba Kalobeyei, pale wakimbizi na wenyeji wanapoishi pamoja, unapanda mchicha, unajifunza kumsalimu jirani usiyeelewana naye kwa lugha. Hakuna anayefukuzwa. Hakuna anayekufa.

Ekal, shabiki wetu tangu mwanzo, ndiye aliyeanza. Alicheza kimya, akitafuta kitu kila pembe ya kioo, kisha akanirudishia simu taratibu, kama mtu anayerudisha sahani na hajashiba.

"Iko poa, dada. Lakini mbuzi ziko wapi?"

Watu wakacheka. Nikacheka nao.

Iliniuma.

Tulipobaki wawili nilimwambia Furaha tuongeze mbuzi, hata wachache, wapite tu nyuma ya nyumba. Au tuitoe kwa jina jingine la studio, tusiwavunje watu moyo. Aliendelea kukunja nyaya, halafu akaniuliza, "Ile ya kwanza tulifanyaka, nani alikuwa anatungojea?"

Hakuna. Tulitengeneza tulichokipenda, basi. Sasa wapo wanaongoja, na nimeanza kuwaogopa. Nyumba unayoijenga kwenye gemu ni mfano wa ile ya marehemu mama yake Furaha. Ameichora hadi nyufa za ukuta. Nami nilitaka kuipitishia mbuzi ili nipigiwe makofi.

Lakini Ekal naye hakukosea. Sisi ndio tuliomzoesha mbio. Akiona jina letu, anaketi tayari kukimbia.

Leo baada ya kanisa nilimpigia Furaha, tukakubaliana. Gemu inabaki ilivyo, na jina letu linabaki. Ila tangazo linaanza hivi: "Hii haina mbuzi. Inaenda polepole. Ukitaka mbio, ile ya kwanza bado ipo." Nimelibandika mtandaoni mchana.

Wengine wamekasirika. Mmoja ameandika kwamba tumeisha. Ekal ameandika, "Nimeelewa, dada. Nitaicheza tena. Lakini jua nimenuna."

Anune tu, ana haki.

Kesho naanza na sauti ya mvua kwenye bati la nyumba ile. Furaha anasema bado hailii kama mvua ya kwao Kongo.