Hodi Kutoka Shingoni mwa Tembo

Baba, shikamoo.

Mikumi jua linachoma, lakini leo sisikii joto. Ule mkanda wa shingoni nilioushona kwa mshono wako wa sindano mbili, baada ya mikanda miwili ya kiwandani kukatika, tembo amevalishwa asubuhi. Ndani yake kuna kidude kinachoongea na setelaiti, ili watafiti wajue tembo alipo. Nikauliza dishi liko wapi, wakacheka! Kumbe setelaiti ni kisanduku cha kampuni binafsi, kilichopelekwa angani na roketi ya kukodi pamoja na mizigo ya wengine, kama matenga ya nyanya kwenye treni. Kikipita juu yetu, kidude kinapiga hodi.

Tembo alipozinduka kutoka kwenye dawa ya usingizi, akajisugua kwenye mti kwa nguvu zote. Mkanda ukashika. Mara nukta ikatokea kwenye kompyuta, nami nikapaza sauti: "Karibu!"

Mhandisi wao akauliza mshono ule nimesomea chuo gani. Nikamwambia, "Kilosa, nyuma ya stendi, kwa fundi viatu." Kaandika hivyo hivyo kwenye ripoti yao.

Pumzisha macho, baba. Nikirudi nitakutungia uzi kwenye sindano.

Binti yako,
Zaina